Marion Hollins na Shimo la Ng'ambo ya Maji

Wakaaji wa Mombasa wapitao njia ya baharini kuelekea kivuko cha Likoni wanaujua uwanja wa gofu ulioko pale juu ya majabali, ulioanzishwa mwaka 1911. Wengi huutazama wakapita. Mchezo huu uliletwa na Waingereza kwa ajili yao wenyewe, na enzi za ukoloni mwenyeji hakukanyaga uwanja wa namna hiyo ila kwa kuchukua mifuko ya wachezaji au kufyeka majani. Lakini kila mchezo una watu wake na visa vyake, na leo tunamsimulia bibi mmoja wa Kimarekani, Marion Hollins, aliyekata shauri kubwa la mchezo huo kwa pigo moja tu.

Bibi Hollins alizaliwa mwaka 1892 huko Long Island, karibu na mji wa New York. Babake alikuwa tajiri wa mambo ya fedha, na binti huyo akakulia katika neema: farasi, magari ya kukokotwa na farasi wanne, na michezo ya kila aina. Mwaka 1913 alifika fainali ya mashindano makuu ya gofu ya wanawake wa Marekani, akashindwa. Mwaka huo huo kampuni ya babake ikafilisika. Hakuvunjika moyo. Mwaka 1921 alirudi katika fainali hiyo akamshinda Alexa Stirling, bingwa aliyekuwa amelitwaa taji mara tatu, na jina lake likaenea Marekani nzima.

Klabu za gofu za siku hizo zilikuwa za wanaume. Mwanamke akiruhusiwa kucheza, basi ni kwa siku na saa walizompangia wao. Bibi Hollins hakuridhika na makombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliwakusanya wanawake wenzake wakaanzisha klabu yao wenyewe huko Long Island, na kiwanja chake kikapimwa kwa nguvu na pigo la mwanamke. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kazi ya kubuni viwanja.

Baadaye alihamia California, akafanya kazi na Samuel Morse, mkuu wa kampuni iliyomiliki ardhi kubwa katika rasi ya Monterey. Bibi Hollins ndiye aliyeshika usukani wa kuanzisha klabu mpya mahali paitwapo Cypress Point, penye misonobari, vilima vya mchanga na majabali yapigwayo na mawimbi ya Bahari ya Pasifiki. Mbunifu wa kwanza alikuwa Seth Raynor, naye alifariki Januari 1926 kabla kazi haijaanza. Mahali pake pakachukuliwa na Alister MacKenzie, tabibu wa Kiingereza aliyekuwa amehudumu katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, kisha akauacha udaktari akawa mbunifu wa viwanja.

Sasa tufike kwenye mzozo wenyewe. Katika ufuko ule pana ghuba ndogo iliyoingia baina ya majabali, na ng'ambo yake imetokeza ncha ya nchi kavu. Kutoka upande mmoja hadi wa pili ni zaidi ya yadi 200, na katikati hapana kitu ila maji na mawe. Raynor alipopatazama alisikitika, maana aliona pangefaa sana kuwa shimo la kufikiwa kwa pigo moja, lakini umbali haumkubalii mchezaji kuuvusha mpira. Bibi Hollins akambishia. Wala hakumbishia kwa maneno. Aliuweka mpira chini, akashika fimbo, akaupiga. Mpira uliruka juu ya bahari ukatua mahali pale pale palipokusudiwa shimo.

Aliyetuachia kisa hiki ni MacKenzie mwenyewe katika maandishi yake. Shimo hilo la 16 likaja kuwa mashuhuri kupita mengine yote aliyoyajenga, lakini yeye alikataa kujitwalia sifa, akasema sifa ni ya Bibi Hollins. Si mafundi wengi wawezao kusema hivyo.

Hata hivyo pigo lile halikumaliza hoja yote. Kwamba bingwa ameweza hakuna maana ya kwamba kila mtu ataweza, na upepo wa pale mara nyingi humpiga mchezaji usoni. MacKenzie alishika kanuni kwamba kiwanja kizuri humpa raha mwenye nguvu na mnyonge pia. Kwa hiyo upande wa kushoto ipo njia ya nchi kavu: asiyejiamini hupiga kwanza huko, kisha huliendea shimo kwa pigo la pili. Hupoteza pigo moja, lakini hapotezi mpira.

Hekima hii haihitaji gofu kueleweka. Mtu wa Sigalame, huko Samia katika Kaunti ya Busia, ambako Mto Sio hushuka kwenda Ziwa Victoria, anajua kwamba mto ukifurika kuna njia mbili: kukata maji hapo hapo, au kuzunguka hadi kwenye kivuko. Anayekata maji huwahi akifika. Anayezunguka huchelewa, lakini hufika. Aliye mjinga ni yule achaguaye njia bila kujipima.

Cypress Point ilifunguliwa mwaka 1928. Bibi Hollins akaendelea. Alikuwa amewashawishi matajiri wa Uingereza watie fedha katika kuchimba mafuta huko Kettleman Hills, California, na mafuta yakatoka. Mwaka 1930 fungu lake lilifika dola milioni mbili na nusu. Mali hiyo aliimimina katika mji wake wa Pasatiempo, karibu na Santa Cruz, ambao kiwanja chake, kilichobuniwa na MacKenzie, kilifunguliwa Septemba 1929. Bobby Jones, bingwa wa mabingwa, alicheza siku hiyo, na baadaye akamchagua MacKenzie ajenge naye kiwanja cha Augusta. MacKenzie hakusita kumtuma Bibi Hollins akaikague kazi hiyo kwa niaba yake.

Lakini mali haina rafiki wa kudumu. Mdororo wa uchumi uliikumba Marekani, na wanunuzi wa viwanja vya nyumba wakatoweka. MacKenzie alifariki Januari 1934 hapo hapo Pasatiempo, hali yake ya fedha ikiwa dhaifu. Mwaka 1937 Bibi Hollins alipata ajali ya gari, na tangu hapo hakurudia afya yake. Mwaka 1940 Pasatiempo ikauzwa. Aliaga dunia Agosti 1944, akiwa na umri wa miaka 51, na ule utajiri wote umekwisha.

Jina lake likasahaulika kwa muda mrefu, wakati wanaume aliofanya nao kazi wakisifiwa vitabuni. Ni mwaka 2022 tu alipotiwa rasmi katika Jumba la Mashuhuri wa Gofu Duniani, miaka 78 baada ya kufa kwake.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake. Raynor aliyapima kwa macho akakata tamaa. Bibi Hollins aliyafika kwa mpira wake, akawaonyesha wanaume waliobaki ukingoni kwamba yanavukika. Fedha zake zimekwenda na mji wake umekuwa wa wengine, lakini shimo lile la ng'ambo ya maji lipo hadi leo, na kila asimamaye juu ya jabali lile hulazimika kujiuliza swali alilolijibu yeye.