Muybridge, aliyesimamisha mbio za farasi kwa kamera 12

Mpiga picha za michezo anayechagua lenzi ndefu leo, iwe ya milimita 300 au 400, hutafuta mambo mawili: kukisogeza karibu kilicho mbali na kukinasa kabla hakijapita. Hilo la pili ndilo lililompatia umaarufu Eadweard Muybridge.

Alizaliwa Kingston upon Thames, Uingereza, Aprili 9, 1830, akahamia Marekani akiwa kijana. Mwaka 1872 Leland Stanford, gavana wa zamani wa California na mmiliki wa farasi wa mbio, alimwajiri achunguze iwapo farasi akiwa mbioni huinua miguu yote minne kwa pamoja. Kazi ilikatizwa mwaka 1874, alipompiga risasi na kumuua hawara wa mkewe. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia huru.

Juni 1878, huko Palo Alto, alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya mbio. Farasi alipopita alikata nyuzi zilizofyatua kamera hizo, moja baada ya nyingine. Picha zilithibitisha kuwa kuna wakati miguu yote huwa hewani.

Baadaye aliwapiga picha wanariadha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kazi hiyo, yenye picha za mfululizo 781, ilichapishwa mwaka 1887. Lenzi za kuvuta vitu vya mbali zilibuniwa mwaka 1891. Yeye alilazimika kusogeza kamera uwanjani.

Muybridge alifariki dunia Kingston, Mei 8, 1904. Kazi yake yaonya wanunuzi hadi leo: lenzi ndefu isiyopitisha mwanga wa kutosha kufyatua upesi itamleta mchezaji karibu, lakini akiwa ukungu mtupu.