Askofu Edward Steere na watoto waliopanga herufi za Neno



Wandugu wapenzi, mara nyingi waamini wanatuuliza: kwa nini katika kila parokia tunaweka mwandishi? Roho anasema, nabii anatangaza, kanisa linasikia; daftari na kalamu ni za nini? Hatukuwa na jibu refu mpaka msimu wa mvua uliopita. Katika parokia yetu moja tulifungua sanduku la daftari za wazee wa kwanza, lililokaa chini bila kufunguliwa miaka mingi. Mchwa walikuwa wamekwisha kulila. Maono ya wazee waliotutangulia yalikuwa udongo mkononi mwetu. Wale walioyasikia kwa masikio yao, wengi wamekwisha kulala.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa wa kanisa letu, wala hakufika katika inchi yetu, lakini kazi yake imo mikononi mwetu kila siku ya ibada. Ndiye Edward Steere, askofu wa Unguja.

Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisoma sheria, akakubaliwa kuwa mwanasheria mwaka 1850. Angeweza kukaa mjini na kutajirika kwa kesi za watu. Lakini aliiacha kazi hiyo, akawa kasisi, akapewa kanisa dogo la shamba katika jimbo la Lincolnshire.

Wakati ule habari za biashara ya watumwa zilikuwa zimewagusa Wakristo wengi wa Uingereza, hasa kwa mahubiri ya Livingstone ya mwaka 1857. Chama cha misioni kikaundwa. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862 karibu na mto Shire. Rafiki wa Steere, jina lake Tozer, akachaguliwa kushika nafasi yake, na Steere akakubali kumsindikiza. Walijaribu kwanza upande wa Zambezi, wakashindwa. Mwaka 1864 wakafika Unguja.

Hapa tusimame kidogo, kusudi msomaji wa Nzilo asifikiri kwamba Unguja ni mbali na habari zetu. Katika miaka ile Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alikuwa akitawala Bunkeya. Shaba ya inchi yetu, pamoja na pembe za ndovu na watu waliofungwa, ilitoka kwake kwa njia mbili: moja kuelekea Benguela, nyingine kuelekea pwani ya mashariki. Kwa njia ile ya mashariki watu walitembea miezi mingi, na mwisho wa safari kwa wengi ulikuwa soko la watumwa la Unguja. Kwa njia ileile lugha ya Kiswahili ilikuja kwetu. Babu zetu waliipokea kwanza kwa wafanyabiashara, baadaye ikakua katika kambi za migodi, nasi leo tunaomba kwayo.

Tozer na Steere hawakuwa na waamini hata mmoja pale Unguja. Sultani Majid aliwapa watoto watano wavulana, waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao aliitwa baadaye John Swedi. Watoto wale hawakuwa na baba wala mama wa kuwatetea, na wengine hawakujua tena njia ya kurudi kwao. Ndio waliokuwa mwanzo wa kanisa lile.

Steere akaanza kujifunza Kiswahili. Hakukaa na kamusi, kwa maana kamusi nzuri haikuwepo. Alikaa na watu. Aliwauliza wazee wa mjini, na Waislamu wenye elimu walimsaidia, ingawa walijua kwamba yeye ni padri wa Kikristo. Aliandika hadithi zao kama walivyozisimulia. Kabla yake Krapf alikuwa ametangulia kule Mombasa tangu mwaka 1844, naye alistahili heshima yake. Lakini Steere alishika Kiswahili cha Unguja, ambacho misafara ilikuwa ikikipeleka bara.

Misioni ilikuwa na mashini ya kupiga chapa. Steere aliiweka mikononi mwa watoto waliookolewa. Inafaa tuieleze kazi ile, maana vijana wetu wanaona leo kompyuta tu, hawajui herufi ilikuwa na uzito gani.

Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi iliyochanganywa na bati na madini mengine. Na hapa wafanyakazi wa migodi wasikie vizuri: herufi ya risasi huzaliwa katika shaba. Fundi huchonga herufi kwenye ncha ya chuma kigumu, huipiga kwa nyundo juu ya kipande cha shaba, na shaba hushika alama yake. Kiisha risasi iliyoyeyuka humiminwa juu ya alama ile, mara moja, mara mia, mara elfu. Kazi hiyo ilipata nguvu Ulaya kwa mikono ya Gutenberg, katika mji wa Mainz, ambaye karibu na mwaka 1455 alimaliza kupiga chapa Biblia ya Kilatini. Alitoa nakala karibu 180, na zinazojulikana leo duniani ni karibu 50, nyingine zikiwa na kurasa zilizopotea. Kabla yake kila Biblia iliandikwa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa.

Kijana wa Unguja alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi. Alichukua herufi moja moja, akazipanga kinyume, kama mtu anayesoma katika kioo. Akimaliza mstari, anaanza mwingine. Ukurasa ukijaa, unakazwa ndani ya fremu ya chuma, unapakwa wino, karatasi inawekwa juu, na mashini inakandamizwa kwa nguvu za mkono. Kosa likionekana, wanafungua tena. Kazi ikiisha, kila herufi inarudishwa chumbani mwake. Na sisi tunajua jinsi Kiswahili kinavyokula herufi a. Sanduku lililopimwa kwa Kiingereza haliwezi kuitosha upesi. Kurasa chache zilipangwa, zikapigwa, zikavunjwa, kusudi herufi zilezile zipange kurasa nyingine.

Hivyo mwaka 1867 vilitoka pale Unguja vitabu vidogo, kimoja cha hadithi za Kiunguja, kingine cha lugha ya Kishambala. Baadaye Steere alirudi Uingereza kwa muda, na mwaka 1870 vilitoka London kitabu chake kikubwa cha kufundisha Kiswahili pamoja na kile cha hadithi za Waswahili. Aliandika pia juu ya lugha za Wayao, Wamakonde na hata Wanyamwezi, watu wa kwao Msiri.

Mwaka 1872 alirudi Unguja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa. Misioni ikapata kiwanja cha soko lile, na siku ya Noeli ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere akawa askofu mwaka 1874. Yeye mwenyewe alisimamia ujenzi, na siku ya Noeli ya 1879 kanisa likafunguliwa. Wazee wa Unguja husimulia kwamba altare imesimama mahali penye mti waliofungiwa watumwa ili wapigwe. Katika mwaka huo wa 1879 John Swedi, yule mtoto wa jahazi, aliwekewa mikono akawa shemasi.

Tusisahau pia Masasi. Mwaka 1876 Steere aliongoza kwa miguu kundi la watu waliowekwa huru, akitaka kuwarudisha karibu na kwao, upande wa ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, waliomba wakae palepale, nao wakajenga kijiji.

Katika mambo hayo yote hakuacha kazi ya kutafsiri. Sehemu za Biblia zilitangulia kidogo kidogo, na Agano Jipya lote likakamilika mwaka 1879. Alikufa tarehe 27 Agosti 1882, mwenye miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilojenga. Biblia nzima hakuiona. Wengine walishika kazi, ikatoka karibu na mwaka 1891. Mwaka 1952 tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa zikaunganishwa katika Biblia moja, nayo ndiyo ambayo wengi wetu tumeshika mpaka leo. Ilitoka katika miaka ileile ambayo wazee wetu walikuwa wakitumika kwenye ukuta wa Nzilo unaozuia maji ya Lualaba.

Wandugu, hatumwiti Steere nabii. Tunajua pia kwamba nyuma ya watu wa Biblia walikuja watu wa bunduki, na babu zetu walilipa. Lakini tunaona jambo moja. Kazi ile haikuwa ya Mzungu peke yake. Lugha ilitoka vinywani mwa watu wa Unguja. Herufi zilipangwa na vidole vya watoto waliouzwa. Wale ambao dunia iliwahesabu kama mzigo wa jahazi, ndio waliowapa watu wa pwani na wa bara kurasa za kwanza za Neno.

Na vitabu vile vya kwanza viko wapi? Vilisomwa hadi vikachanika. Joto, mvua na wadudu vikamaliza vingine. Vichache vimebaki, na mtu wa kwetu akitaka kuona karatasi za misioni ile, atalazimika kwenda Oxford. Mkusanyo wa Biblia wa chama kilichozipiga chapa uko Cambridge. Vimehifadhiwa huko kwa sababu wenye maktaba walivijali. Je, sisi tutawaachia wengine tena kazi ya kutunza yetu?

Kwa wale wanaosema Roho hahitaji daftari, tuwakumbushe habari za Yeremia. Nabii alisema, Baruku akaandika. Mfalme Yehoyakimu alikata kitabu kwa kisu na kukitupa motoni. Roho hakunyamaza; lakini pia hakusema kwamba maandiko hayana kazi. Baruku aliambiwa aandike upya, na maneno mengine yakaongezwa. Paulo naye, akiwa kifungoni, alimwomba Timoteo amletee vitabu alivyoviacha Troa. Nabii na mwandishi ni mikono miwili ya mwili mmoja.

Lakini tofauti ni hii: Yeremia alikuwa bado hai. Wazee wetu ambao daftari zao zimeliwa hawapo tena kutusemea mara ya pili.

Basi tunaomba kila parokia ifanye haya kabla ya mvua. Daftari zote zitolewe chini, ziwekwe juu ya mbao, ndani ya sanduku la chuma lenye kifuniko. Zifunguliwe na kuangaliwa kila mwezi. Kila daftari inakiliwe mara mbili, moja ibaki parokiani, nyingine iletwe kwetu. Wazee waliosikia maono ya kwanza wafuatwe nyumbani kwao, vijana wakae nao na kuandika, bila kuongeza la kwao. Na Biblia za zamani za nyanya zetu, hata zikiwa bila jalada, zisifanywe karatasi za kufungia karanga.

Mwandishi wa parokia asidharauliwe tena kwa sababu anakaa kimya wakati wengine wanaimba. Ameinama kama kijana yule wa Unguja mbele ya sanduku la herufi, na watoto wetu watajua tuliyoambiwa.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.