Abebe Bikila: Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki siku nyingi, akaniachia nimchague mwenyewe. Najua wapo waliotazamia kwamba ningemchagua mwanasiasa au bingwa wa sayansi. Nimemchagua marehemu Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia, na sababu ya kumchagua ni goti langu la kulia.

Wale tuliolala bweni moja watakumbuka kwamba nilikuwa mkimbiaji wa mita 1,500, si wa kwanza wala wa mwisho. Baada ya shule nikaanza kazi, nikaoa, nikanenepa. Nilipotimiza miaka 40 nikarudi michezoni kwa njia ya triathloni fupi. Kwa wasioujua mchezo huu, mshindani huogelea mita 750, akitoka majini hupanda baiskeli kwa kilometa 20, na akishuka hukimbia kilometa 5, yote hayo mfululizo bila kupumzika. Silipwi kitu. Hulipa kiingilio mwenyewe, nikarudi nyumbani na fulana. Kwanza niliumia kano ya kisigino, nikapona. Kisha msuli wa paja, nikapona. Mwaka jana goti likavimba, na daktari akaniambia kwamba mbio sasa niziache, pengine moja kwa moja.

Nilikasirika, kisha nikaona aibu. Aibu hiyo niliipata hapa hapa shuleni. Kila siku ya michezo tulisimuliwa habari za Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea mpaka akaingia uwanjani wakati giza limekwisha kuingia na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Wakimbiaji 75 walianza, 57 wakamaliza, naye alikuwa wa 57, saa moja na dakika tano nyuma ya mshindi. Habari hiyo ni ya kweli, na heshima yake haitapunguzwa na lolote nitakaloandika hapa. Lakini sisi vijana tulitoka nayo na fundisho moja tu, kwamba anayeumia akaacha ni mwoga.

Hakuna aliyetuambia kwamba katika mbio zile zile alikuwako mtu aliyekuwa ameshinda marathoni mbili za Olimpiki zilizotangulia, na kwamba baada ya kilometa 16 hivi mtu huyo alisimama, akatoka barabarani. Huyo ndiye Abebe Bikila. Tangu niambiwe habari ya goti langu nimeyasoma maisha yake mara nyingi, nami nataka niwasimulie.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, nchini Ethiopia. Siku hiyo hiyo, mbali sana na kijiji chao, marathoni ya Olimpiki ilikuwa ikikimbiwa Los Angeles. Alipokuwa na miaka mitatu majeshi ya Italia yaliivamia nchi yake, na utoto wake wa kwanza ulipita katika vita. Alipokua aliingia Addis Ababa, akajiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Hakuingia jeshini kwa ajili ya mbio. Alikuwa askari wa kawaida, mwembamba, mpole, asiye na maneno mengi.

Huko jeshini alimkuta Msweden mmoja, Onni Niskanen, aliyekuwa akiwafundisha askari michezo. Niskanen aliona kwamba kijana huyu anakimbia kwa hatua nyepesi, na kwamba uso wake hauonyeshi kuchoka. Akamfundisha kupima mwendo wake kilometa kwa kilometa, na kupishana mazoezi ya mbali na mazoezi ya kasi. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea hewa nyepesi ya huko akishuka mabondeni huwa na pumzi ya akiba.

Mwaka 1960 Abebe alipelekwa Roma kwenye Olimpiki, na nje ya Ethiopia karibu hakuna aliyemjua. Viatu alivyopata huko vilimbana na kumchubua. Kwa kuwa kwao alikuwa amezoea kukimbia bila viatu, yeye na mwalimu wake wakaamua akimbie miguu mitupu. Watu wengi husimulia jambo hilo kama umaskini. Mimi naliona kama uamuzi wa mtu anayeijua miguu yake.

Marathoni ya Roma ilianza jioni ya tarehe 10 Septemba, kwa sababu ya joto la mchana, ikaisha usiku. Askari walisimama kando ya barabara ya kale ya Appia wakiwa wameshika mienge ya kuwamulikia wakimbiaji. Mwishoni walibaki wawili mbele, Abebe na Mmoroko Rhadi Ben Abdesselam, bega kwa bega. Zikiwa zimebaki mita mia kadhaa walikaribia mnara wa mawe wa Aksum, ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia mwaka 1937 na kuusimamisha katikati ya mji wao. Hapo ndipo Abebe alipoongeza mwendo, akamwacha mwenzake. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2, rekodi mpya ya dunia. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka kusini ya Sahara kuipatia nchi yake medali ya dhahabu ya Olimpiki. Mnara ule ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005 na kusimamishwa tena Aksum mwaka 2008, na mkimbiaji wetu hakuwahi kuiona siku hiyo.

Sifa zilikuja nyingi, na misukosuko pia. Mwezi Desemba 1960 baadhi ya wakuu wa kikosi chake walijaribu kuipindua serikali. Abebe alizuiliwa kwa muda, ikaonekana hakuhusika, akaachiwa. Mwaka 1961 alishinda Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alishika nafasi ya tano huko Boston, siku ya baridi na upepo. Katika maisha yake yote, hiyo ndiyo marathoni pekee ya kimataifa aliyoimaliza bila kushinda.

Sasa tufike Tokyo, maana hapa ndipo habari za mwili wake zinapoanza. Tarehe 16 Septemba 1964, siku 35 kabla ya marathoni ya Olimpiki, Abebe alipasuliwa kidole tumbo. Mtu wa kawaida aliyepasuliwa hivyo huambiwa asinyanyue hata ndoo. Abebe alianza kutembea hospitalini, kisha kukimbia taratibu, akasafiri na timu kwenda Japani. Wengi walidhani anakwenda kutazama tu. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii akiwa amevaa viatu na soksi nyeupe, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia tena, na aliyemfuata, Mwingereza Basil Heatley, alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika nne. Akiwasubiri wenzake, Abebe alilala kwenye majani ya uwanja akafanya mazoezi ya viungo, kama mtu aliyemaliza matembezi ya jioni. Hakuna mtu aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Ndugu wasomaji, mtu akiisoma habari ya Tokyo peke yake anaweza kudhani kwamba Abebe alikuwa hashindwi na maumivu. Si kweli. Mwaka 1967 aliacha mbio huko Zarautz, Hispania, kwa kuumia msuli wa nyuma ya paja. Mwaka 1968 alikwenda Mexico akiwa na maumivu ya mguu wa kushoto, na madaktari waligundua kwamba mfupa mwembamba wa muundi una ufa. Alianza mbio, akaupima mguu wake kama alivyofundishwa kupima mwendo, akaona hauwezi, akasimama. Mshindi siku hiyo alikuwa Mamo Wolde, Mwethiopia mwenzake waliyefanya mazoezi pamoja miaka mingi. Dhahabu ya marathoni ilikwenda Addis Ababa kwa mara ya tatu mfululizo, ila haikuwa shingoni mwa Abebe.

Nimewaza sana juu ya wanaume hawa wawili, Akhwari na Abebe, barabara moja, siku moja, wote wameumia. Mmoja aliendelea, mmoja akaacha. Zamani ningesema mmoja ni shujaa na mwingine amechoka. Sasa naona kwamba kila mmoja alijibu swali lake mwenyewe. Akhwari alianguka na kuumia siku ile ile ya mbio. Abebe alikuja na mfupa wenye ufa, na kilometa 26 zaidi zingeweza kuuvunja kabisa. Kuacha kwake hakukufuta Roma wala Tokyo.

Lililofuata lilikuwa zito kuliko mguu. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 gari lake dogo aina ya Volkswagen lilipinduka nje ya Addis Ababa, naye akabanwa ndani mpaka asubuhi. Shingo na uti wa mgongo viliumia. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, na mwanzoni hakuweza hata kugeuza kichwa. Alitibiwa huko kwa muda wa miezi minane hivi. Mikono ikarudi, miguu haikurudi tena. Mtu aliyeishangaza dunia kwa nyayo zake alirejea kwao juu ya kiti cha magurudumu, akiwa na miaka 37.

Hospitali hiyo ilikuwa na daktari aitwaye Ludwig Guttmann, ambaye aliona kwamba mgonjwa aliyepooza akilazwa tu hufa moyo kabla ya mwili. Mwaka 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, alianzisha michezo ya wagonjwa wake kwa mashindano ya upinde na mshale. Michezo hiyo ilikua, na mwaka 1960 ikafanyika Roma, ikianza siku nane tu baada ya ushindi wa Abebe katika mji huo huo. Wakati ule hakuna aliyeweza kujua kwamba hiyo nayo ingekuwa michezo yake.

Maana Abebe hakukaa. Mwaka 1970 alishindana katika michezo ya Stoke Mandeville, akilenga shabaha kwa upinde na kucheza mpira wa meza. Mwezi Aprili 1971 alialikwa Norway kwenye michezo ya walemavu, awe mgeni wa heshima. Badala ya kukaa na wageni akashindana, tena akashinda mbio za kigari cha kuteleza juu ya theluji, mbele ya washindani 16. Mwana wa Shewa, theluji aliijulia wapi? Lakini alijifunza. Aliyekuwa na mchezo mmoja akawa na michezo mitatu.

Mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich, na alipoingia uwanjani na kiti chake watu walisimama wakampigia makofi. Mshindi wa marathoni mwaka huo, Mmarekani Frank Shorter, alikwenda kumpa mkono. Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu katika ubongo, jambo lililohusishwa na ajali ile. Alikuwa na cheo cha kapteni na umri wa miaka 41. Aliacha mjane, Bibi Yewebdar, na watoto wanne. Makumi ya maelfu ya watu walimzika, na Mfalme Haile Selassie alikuwa miongoni mwao.

Vijana, msije mkadhani nawafundisha kuacha kila mnapochoka. Atakayetoka kwenye mbio za nyika kwa sababu ya kichomi cha ubavuni, asimtaje Abebe. Ninalowaambia ni kwamba kuna maumivu ya kuvumilia na maumivu ya kusikiliza, na mwanamichezo mzuri hujifunza kuyatofautisha mapema. Mimi nilichelewa. Nilikimbia miezi mitatu juu ya goti lililokuwa likiniomba nisimame, nikidhani navumilia, kumbe naharibu.

Nanyi wenzangu wa makamo, ninajua wengi wenu mna viuno, visigino na magoti ya kusimulia. Kwenye mashindano ya mwakani nimejiandikisha katika kundi la timu, ambamo watu watatu hugawana kazi. Mimi nitaogelea. Mwenzetu mmoja wa darasa langu, ambaye mgongo wake haumruhusu kukimbia, atapanda baiskeli. Kilometa 5 za mwisho tumempa kijana wa kidato cha tatu hapa shuleni, ambaye nilimwona akikimbia uwanjani mwezi uliopita, nikakumbuka miaka yangu. Nitakapomaliza sehemu yangu nitasimama pembeni nikiwa bado nimelowa maji, nimngoje apite.

Nilipomweleza mke wangu mpango huo aliniuliza kama sitaona wivu. Nitauona, tena mwingi. Lakini wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Abebe Bikila aliufua uhunzi wake mpaka kwenye theluji ya Norway. Nasi tuangalie ni chombo gani kimebaki mkononi, tuendelee kufua.

Tuonane siku ya mkutano wetu, Mungu akitujalia.