Nyanya Moses: Ajuza aliyeshika brashi baada ya kulea wote

WAKATI wa Pasaka mwaka wa 1938, mhandisi mmoja kutoka jiji la New York alikuwa akipita katika mji mdogo wa Hoosick Falls, kaskazini mwa jimbo hilo, alipoona picha kadhaa za rangi zimewekwa dirishani mwa duka la dawa. Bwana huyo, Louis Caldor, alikuwa na mazoea ya kununua kazi za sanaa kila aliposafiri. Aliingia ndani, akauliza bei, akaambiwa ni kati ya dola tatu na dola tano kutegemea ukubwa. Akazinunua zote.

Kisha akaulizia nyumbani kwa mchoraji na kuelekezwa kijiji cha Eagle Bridge kilichokuwa karibu. Mwenyewe hakuwapo. Mkazamwana wake alimwomba mgeni arejee siku ya pili kwa kuwa, kwa hesabu yake, palikuwa na picha nyingine kumi za kuuzwa.

Bibi wa nyumba aliporudi jioni na kupewa habari hizo, alikosa usingizi, kwani picha zilizokuwapo zilikuwa tisa tu. Kulipopambazuka, aliichukua moja iliyokuwa kubwa, akaikata katikati, akatafuta fremu mbili kuukuu na kuvitia vile vipande. Mgeni alipofika, akazikuta kumi kamili.

Mchoraji huyo alikuwa na umri wa miaka 77. Aliitwa Anna Mary Robertson Moses, mjane na mkulima, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Grandma Moses, yaani Nyanya Moses.

Aghalabu wanaosimulia maisha yake huanzia hapo dukani, nasi tumefuata njia hiyo hiyo kwa kuwa kisa chenyewe kinapendeza. Hata hivyo, kuanzia hapo ni kuiruka miaka 77 kana kwamba haikuwa na kitu, ilhali kila alichokichora mama huyo kilitoka humo.

Alizaliwa Septemba 7, 1860, katika shamba lililoko Greenwich, jimbo la New York, miezi miwili kabla ya Abraham Lincoln kuchaguliwa rais wa Marekani. Alikuwa wa tatu kati ya watoto kumi wa Russell King Robertson na mkewe Margaret Shanahan. Baba yake alikuwa mkulima aliyependa kuwanunulia watoto karatasi za kuchorea, na binti huyu, kwa kukosa rangi, alikamua maji ya zabibu na matunda mengine ya porini ili kuipata rangi aliyoitaka.

Mchezo huo haukudumu. Alipofika umri wa miaka 12, alipelekwa kufanya kazi ya ndani kwa majirani wenye uwezo. Alipika, akafua, akashona na kuwauguza wazee wa nyumba za watu. Kazi hiyo ya ujakazi aliifanya kwa miaka 15, akihama kutoka familia moja hadi nyingine. Masomo aliyapata kwa vipande vipande, kila kazi iliporuhusu.

Katika nyumba mojawapo alikutana na Thomas Salmon Moses, kijana aliyekuwa kibarua shambani. Walioana Novemba 1887, bibi harusi akiwa na miaka 27, na siku hiyo hiyo wakapanda treni kuelekea kusini. Nia yao ilikuwa kufika North Carolina, ambako Thomas alikuwa ameahidiwa kazi ya kusimamia shamba la farasi. Walipotua njiani katika mji wa Staunton, jimbo la Virginia, walishawishiwa kukodi shamba papo hapo. Hawakufika walikokuwa wakienda. Walikaa katika bonde la Shenandoah kwa karibu miaka 18.

Huko ndiko familia ilikojengwa, na ndiko mama huyo alikoonyesha kwamba hakuwa mtu wa kusubiri kulishwa na mume. Kwa akiba yake mwenyewe alinunua ng'ombe, akaanza kutengeneza siagi na kuiuza. Siagi yake ilisifika kiasi cha kutafutwa na wenye maduka. Baadaye alikaanga viazi vilivyokatwa vyembamba na kuviuza pia. Msomaji yeyote aliyelelewa na mama aliyesomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja au wawili hahitaji kuelezwa zaidi.

Alijifungua mara kumi. Watoto watano tu ndio waliovuka umri wa uchanga. Wale wengine watano walizikwa katika bonde la Shenandoah, na familia iliporejea kaskazini mwaka wa 1905 kwa sababu Thomas aliikumbuka mno nyumbani kwao, makaburi hayo madogo yaliachwa nyuma. Magazeti yaliyokuja kumwandika baada ya miaka mingi, yakimpamba kwa tabasamu lake na miwani yake, hayakuligusa sana jambo hili. Yeye mwenyewe hakulisahau, na alilitaja katika kitabu cha maisha yake.

Huko Eagle Bridge walinunua shamba la ng'ombe wa maziwa na kuliita Mlima Nebo, kwa jina la mlima wa katika Biblia ambao Nabii Musa alipanda kuiona nchi ya ahadi kabla ya kufa. Hapakuwa na dalili yoyote ya mchoraji katika miaka hiyo. Kilichopo cha kutajwa ni tukio la 1918, alipokuwa akibandika karatasi za kupamba kuta za sebule na karatasi zikamwishia kabla hajafunika ubao uliozibia meko. Badala ya kuuacha wazi, aliupaka rangi na kuchora mandhari ya miti na maji juu yake. Kisha akarudi jikoni.

Thomas alifariki mwaka wa 1927. Mjane huyo aliendelea kuishi shambani na mwanawe, akasaidia kazi kadiri nguvu zilivyoruhusu. Mnamo 1932 alifunga virago na kwenda Bennington, katika jimbo jirani la Vermont, kumuuguza bintiye Anna aliyekuwa na kifua kikuu. Wakati huo alikuwa amevuka miaka 70, umri ambao wengi hutarajia wao ndio wauguzwe.

Ni bintiye huyo mgonjwa aliyemwonyesha picha iliyodariziwa kwa nyuzi za sufu na kumtaka ajaribu kutengeneza kama hiyo. Mama akatii. Akadarizi picha nyingi za mashamba na nyumba, akizigawa kwa yeyote aliyezipenda. Anna hakupona. Alipofariki, nyanya alibaki Bennington kwa muda akiwalea wajukuu walioachwa bila mama, kisha ndipo akarejea Eagle Bridge.

Baridi yabisi ilipomshika vidole hata sindano ikawa mateso, dadake Celestia alimshauri aache kudarizi na kujaribu rangi, kwani brashi ni rahisi kushika kuliko sindano. Hivyo ndivyo alivyoanza. Hakuongozwa na ndoto ya kuwa msanii wala kiu ya umaarufu. Mikono iliyozoea kazi kwa zaidi ya miaka 60 haikuweza kupakatwa tu, na kazi zote nyingine zilikuwa zimeikataa.

Alichora kwenye vipande vya ubao mgumu alivyokata kulingana na fremu kuukuu alizokuwa nazo. Kwanza aliupaka ubao rangi nyeupe mara tatu. Kisha alianzia juu kushuka chini: mbingu, milima, miti, nyumba, mifugo, na mwisho kabisa watu. Kwenye theluji alinyunyiza chenga zinazometameta, jambo lililowachukiza wajuzi wa sanaa, lakini yeye aliijua theluji kwa kuishi ndani yake na hakuona sababu ya kuwasikiliza.

Alipopeleka picha zake kwenye maonyesho ya kilimo ya Cambridge, mji ulio karibu, pamoja na matunda ya kuhifadhi na jemu alizopika, jemu zilipata tuzo. Picha hazikupata kitu.

Basi Caldor alipozibeba picha zake hadi jijini, alipita nazo kwenye majumba ya sanaa akikataliwa. Wafanyabiashara wengine walivutiwa hadi waliposikia umri wa mchoraji. Kutangaza jina la msanii hugharimu fedha, na kwa hesabu zao mwanamke wa miaka 78 asingeishi hadi fedha hizo zirudi. Mama huyo aliishi miaka mingine 23.

Mlango ulianza kufunguka mwaka wa 1939, jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilipotundika picha zake tatu katika maonyesho ya wachoraji wasiojulikana, ambayo hata hivyo yalikuwa ya wanachama tu. Oktoba 1940, Otto Kallir, mwenye jumba la sanaa aliyekuwa amewakimbia Wanazi kutoka Vienna, alimwandalia maonyesho yake ya kwanza mwenyewe. Mwenye kazi hakuhudhuria ufunguzi. Alikuja jijini mwezi uliofuata, duka kubwa la Gimbels lilipomwalika kuzungumza na wateja, na alibeba mikate na jemu zake. Waliofika kumsikiliza msanii walihutubiwa zaidi kuhusu mapishi.

Gazeti la New York Herald Tribune ndilo lililoandika jina ambalo watu wa kwao walimwita, na tangu hapo akawa Nyanya Moses. Sisi wa vyumba vya habari twaujua uzito wa lakabu fupi inayokaa vyema kwenye kichwa cha habari. Ilimpa umaarufu wa haraka, lakini pia ilimpunguza, kwani ilikuwa rahisi kumwona kama bibi mtamu wa kwenye kadi za Krismasi badala ya msanii aliyeipanga picha kwa jicho kali. Kadi zenyewe ziliuzwa kwa mamilioni kuanzia miaka ya 1940, na picha zake zikachapishwa hata kwenye vitambaa na vyombo vya mezani.

Wakosoaji wa sanaa waligawanyika. Wakati huo wachoraji wa New York waliosifiwa walikuwa wakimwaga rangi bila umbo la mtu wala mti, na baadhi ya mabingwa walichukizwa kwamba umma ulimpenda mwanamke wa shamba ambaye hakwenda shule yoyote ya sanaa. Barani Ulaya, ambako picha zake zilizungushwa katika miji kadhaa mwaka wa 1950, alipokewa kwa heshima zaidi.

Alichokichora ni kile alichokifanya au kukiona kikifanywa: watu wakigema utomvu wa miti na kuupika uwe sukari, wanawake wakifua, watoto wakimkimbiza bata mzinga, familia ikihamisha vyombo. Aliacha kwa makusudi nguzo za simu na matrekta. Katika picha ya mwaka wa 1947 inayoonyesha watu wakipika matofaa kwenye masufuria makubwa uani, nyumba iliyochorwa ni mojawapo ya zile alizoishi na Thomas huko Virginia. Alikuwa na umri wa miaka 86 hivi, miongo minne tangu aliache bonde lile, na bado alijua kila mti ulisimama wapi.

Mnamo Februari 1949, mwanawe kitinda mimba, Hugh, alifariki. Miezi mitatu baadaye alikuwa Washington akipokea tuzo ya chama cha wanahabari wanawake, kisha akanywa chai na Rais Harry Truman, ambaye alimpigia piano. Picha za siku hiyo zilienea kote.

Fedha zilipoingia, maisha yake hayakubadilika sana. Mwaka wa 1951 alihamia nyumba isiyo na ngazi nyingi, ng'ambo ya barabara kutoka shamba la zamani, na bintiye akasimamia shughuli za nyumbani. Alichora akiwa ameketi kwenye kiti kikuukuu, meza mbele yake. Mwaka wa 1952 alichapisha kitabu cha maisha yake, ambamo kurasa nyingi ni za utoto, ujakazi, siagi na watoto, na sehemu ya umaarufu ni fupi. Wapo waliodhani mpangilio huo ni kasoro ya mwandishi asiye na uzoefu. Naona mwandishi alijua vyema alichokuwa akikipima.

Alipotimiza miaka 100 mwaka wa 1960, Gavana Nelson Rockefeller wa New York aliitangaza siku hiyo kuwa Siku ya Nyanya Moses. Hakuweka brashi chini. Alichora picha zaidi ya 20 baada ya kuikamilisha karne, ya mwisho ikiwa ile ya upinde wa mvua, iliyojaa watu walio kazini shambani, ya mwaka wa 1961.

Alifariki Desemba 13, 1961, huko Hoosick Falls, akiwa na umri wa miaka 101, na kuzikwa katika mji huo huo lilimokuwa duka la dawa. Rais John Kennedy alituma salamu za rambirambi. Aliacha kazi zaidi ya 1,500, na moja kati ya hizo, ile ya kupika sukari ya miti iliyochorwa mwaka wa 1943, iliuzwa mnadani mwaka wa 2006 kwa zaidi ya dola milioni moja.

Mkusanyiko mkubwa kabisa wa picha zake ulio wazi kwa umma umehifadhiwa Bennington, mji ule alikokwenda kumuuguza bintiye. Mwaka wa 1972, jengo dogo la shule ya chumba kimoja, ambalo familia yake ililitumia kule Eagle Bridge, lilisafirishwa hadi huko na kuunganishwa na jumba la makumbusho.