Richard Kearton na Ng'ombe Asiyekula Majani



Katika miaka yangu ya ualimu nilizoea kuwaona watoto wakija darasani na mayai ya ndege mfukoni, au na kinda lililokwisha kufa mkononi. Niliwagombeza, lakini kesho yake walirudi vile vile. Siku moja nikaacha kugombeza, nikawasimulia habari za mtoto mwingine wa zamani aliyependa viota kama wao, na jambo hilo likamwachia kilema cha maisha. Darasa zima lilinyamaza. Leo nawaletea ninyi habari hizo hizo.

Mtoto huyo aliitwa Richard Kearton. Alizaliwa tarehe 2 Januari, 1862, katika kijiji kidogo cha Thwaite, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Kijiji hicho kimo katika bonde la mto Swale. Ni nchi ya milima, upepo na baridi, na watu wake walikuwa wafuga kondoo. Nyumba zao ni za mawe, mabanda ya majani makavu ni ya mawe, hata mipaka ya mashamba ni kuta za mawe yaliyopangwa kwa ustadi bila udongo wala chokaa. Karibu na hapo, Muker, liko kanisa lililojengwa mwaka 1580. Kabla ya hapo watu wa juu bondeni waliwabeba maiti wao kwa miguu mpaka Grinton, mwendo wa maili nyingi, ili wakazikwe.

Richard alipokuwa mtoto alipanda mti kutafuta kiota, akaanguka na kuumia nyonga. Mguu haukupona sawasawa, na tangu siku ile alichechemea mpaka kufa kwake. Katika nchi ambamo kazi ni kufuata kondoo milimani, hilo lilikuwa jambo zito. Lakini mtu asiyeweza kukimbia hujifunza kutulia. Richard alitulia, akatazama, akasikiliza. Akaijua milio ya ndege wa milimani hata akaweza kuiiga, na ndege wenyewe wakamwitikia.

Uwezo huo ndio uliomfungulia mlango. Mwaka 1882 alikuja bwana mmoja kutoka London kuwinda ndege wa porini wafananao na kwale. Bwana huyo alikuwa wa kampuni ya Cassell, wachapaji wa vitabu. Alimsikia yule kijana mchechemeaji akiwaita ndege kwa mdomo wake, akastaajabu, akampa kazi London. Basi mtoto wa mfuga kondoo akaenda mjini kufanya kazi ya vitabu. Baadaye mdogo wake, Cherry, aliyezaliwa mwaka 1871, akamfuata katika kampuni ile ile.

Tarehe 10 Aprili, 1892, ndugu hao wawili walikuwa matembezini Enfield, kaskazini ya London. Cherry alikuwa na kamera. Wakaona kiota cha ndege mmoja mwimbaji mwenye kifua cha madoadoa. Ndege huyu hukandika kiota chake kwa ndani, na mayai yake ni ya rangi ya samawati yenye vidoa vyeusi. Cherry akapiga picha. Richard alipoiona akafahamu mara moja kazi watakayoifanya. Wakati ule mtu aliyetaka kujifunza habari za mayai aliyachukua, akayatoboa, akayapanga sandukuni. Sasa ilionekana kwamba mtu anaweza kukichukua kiota kizima pamoja na mayai yake, akaenda nacho nyumbani, na kiota kikabaki palepale mtini.

Kazi haikuwa rahisi. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku ya mbao juu ya miguu mitatu, na picha ilinaswa juu ya kioo kizito. Ndugu hao walikuwa waajiriwa, kwa hiyo walitumia siku za mapumziko. Walishuka majabali ya bahari kwa kamba. Kiota kilipokuwa juu, Cherry alisimama juu ya mabega ya kaka yake ili aifikie kamera. Fikirini jambo hilo: mwenye mguu mbovu ndiye aliyekuwa ngazi.

Mwaka 1895 walitoa kitabu juu ya viota vya ndege wa Uingereza, chenye picha zilizopigwa porini kwenyewe. Mwaka 1896 walikwenda St Kilda, kisiwa cha mbali katika bahari ya Scotland, wakapiga picha za ndege na za watu walioishi huko kwa kukamata ndege majabalini. Mwaka 1930 watu 36 wa mwisho walihamishwa kisiwani, wakaacha nyumba zao za mawe tupu. Kwa hiyo picha zile zimekuwa ukumbusho wa maisha yaliyokwisha.

Lakini ndege mzima humkimbia mtu. Wafanyeje? Richard alikumbuka kwamba ndege hamwogopi ng'ombe. Mwaka 1900 wakatengeneza ng'ombe kwa ngozi ya kweli iliyovikwa juu ya mbao, ndani mtupu. Mpiga picha aliingia ndani, akainama, na jicho la kamera likachungulia kifuani pa ng'ombe. Humo mlikuwa na joto, na mgongo uliuma, lakini ndege walirudi kwenye viota vyao bila wasiwasi. Baadaye walitengeneza kondoo, na hata ukuta wa mawe wa uongo, mfano wa kuta za kwao Thwaite.

Richard aliacha kazi ya Cassell mwaka 1898, akaishi kwa kuandika na kuhutubia, akiwaonyesha watu picha zake ukutani kwa taa. Cherry alisafiri mbali zaidi. Alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1909 kupiga picha za wanyama, na katika Vita Kuu ya Kwanza alirudi huku akiwa askari. Richard alifariki tarehe 8 Februari, 1928, na Cherry mwaka 1940. Muker, penye jengo la shule ya zamani, viko vibao vya kuwakumbuka wote wawili. Na mwaka 1954 Uingereza ilitunga sheria iliyokataza kuchukua mayai ya ndege wengi wa porini.

Nilipomaliza kuwasimulia watoto, mmoja wao, mtundu kuliko wote, alitoa yai mfukoni akaliweka mezani pangu. Akaniuliza kama likirudishwa kiotani leo mama yake atalipokea. Sikujua la kumjibu. Tulikwenda pamoja, tukalirudisha, tukakaa mbali chini ya mwembe. Tulikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa darasani. Ndege alirudi.