Mtu aliyeondoa moto kwenye friji, na kwa nini umerudi

Fedha za korosho zikiingia, familia nyingi za Masasi na Newala hupanga kununua friji. Mnunuzi huuliza bei na ulaji wa umeme, lakini ni nadra kuuliza ina gesi gani ndani. Maisha ya Thomas Midgley yanaonyesha kwa nini swali hilo ni la afya.

Midgley alizaliwa Marekani mwaka 1889, akasomea uhandisi wa mitambo. Enzi zake gesi za friji zilikuwa na sumu, na baadhi zilishika moto. Zilipovuja usiku, watu waliweza kufa usingizini. Mwaka 1928 yeye na wenzake walitengeneza gesi isiyowaka. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia, aliivuta kifuani kisha akaupulizia mshumaa, ukazimika.

Mwaka 1940 polio ilimpooza. Alijitengenezea kamba za kumwinua kitandani, na mwaka 1944 zikamnyonga, akiwa na miaka 55. Alikufa bila kujua kwamba gesi yake inaharibu tabaka la ozoni, linalotukinga na mionzi ya jua iletayo saratani ya ngozi, tishio kubwa zaidi kwa ndugu zetu wenye ualbino. Wanasayansi waliligundua hilo mwaka 1974, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa.

Ndiyo maana friji nyingi mpya zina gesi ya R600a, jamii moja na gesi ya kupikia. Haidhuru ozoni, ila inawaka. Kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida chini ya gramu 150, na ikibaki ndani ya mabomba haina madhara. Hatari huanza bomba likitoboka.

Basi, soma kibandiko cha friji yako. Usichokonoe barafu kwa kisu. Fundi asichomelee bomba lenye gesi, wala asijaze gesi tofauti na iliyoandikwa.

Bomba likitoboka, usingoje harufu: gesi hii hainuki kama ya mtungi, na hutuama chini. Zima jiko na kibatari, fungua milango, usiguse swichi, toeni watoto nje, kisha mwite fundi.

Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno. Mpeleke hospitali.