Festo Kivengere: Mwalimu aliyeanza kwa kuomba radhi

Wengi wakisikia jina la Askofu Festo Kivengere hukumbuka jambo moja tu, kwamba mwaka 1977 alitoa kitabu cha Kiingereza ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Wapo wanaomsifu kwa ajili hiyo. Wapo pia wanaotikisa kichwa, wakisema kwamba mapenzi ya namna hiyo ni rahisi kwa mtu ambaye hakupoteza kitu. Mimi nilikuwa katika kundi hili la pili kwa miaka mingi, tena nikiwa mwalimu na msoma sala kanisani. Nimekuja kuona kwamba nilikuwa nikiyasoma maisha yake kuanzia mwisho. Leo naomba, ndugu msomaji, tuyasome kuanzia mwanzo.

Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rujumbura, katika wilaya ambayo leo ni Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda. Ukoo wake ulikuwa wa wafugaji wenye uhusiano na nyumba ya kifalme ya eneo hilo, na utotoni mwake alichunga ng'ombe kama watoto wenzake. Alisoma shule za misheni, akabatizwa, akaendelea na masomo katika Chuo cha Askofu Tucker kule Mukono, kisha akarudi kwao kufundisha. Kwa macho ya watu alikuwa kijana aliyefanikiwa. Lakini imani yake ilikuwa imebaki kwenye cheti cha ubatizo. Pombe aliipenda, na kanisani alikwenda kwa sababu shule ilikuwa ya kanisa.

Wakati huo upepo wa Uamsho ulikuwa umekwisha kuvuma katika nchi zetu. Chimbuko lake ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930. Huko alifanya kazi daktari Mwingereza, Joe Church, ambaye mwaka 1929 alikutana mjini Kampala na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakaomba na kuisoma Biblia pamoja, kila mmoja akiwa amechoshwa na Ukristo wa jina. Watu wa Uamsho waliitwa Balokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka. Moto huo ulienea Kigezi, ukaingia Burundi ambako vituo vya Matana na Buhiga vilifunguliwa katikati ya miaka ya 1930, ukavuka hadi Tanganyika, Kenya na Kongo.

Jambo lililowatofautisha Balokole na waumini wengine lilikuwa kukiri. Kanisani kila mtu alikuwa akiungama kwa pamoja kwamba yeye ni mwenye dhambi, kisha anakwenda nyumbani kula. Balokole waliitaja dhambi kwa jina lake na kumfuata mtu waliyemkosea. Aliyeiba jembe alirudisha jembe. Waliamini kwamba Kristo anaishi kweli ndani ya mwamini, na kwamba uwepo huo hujificha pale mtu anapofunga chumba kimoja cha moyo wake asitake kiguswe. Kwa hiyo walizoea kukutana kila juma na kuwekana wazi, jambo waliloliita kutembea nuruni.

Kijana Festo hakuwapenda watu hawa. Walimnyima raha. Jamaa zake na wanafunzi walikuwa wakiokoka mmoja mmoja na kumwombea, naye akazidi kuwakimbia. Hatimaye, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Jumapili moja alikuwa anarudi nyumbani akiwa amelewa, akakutana na rafiki yake, mwalimu mwenzake, akija mbio kwa baiskeli. Rafiki huyo alimwambia kwamba Yesu amemtembelea na kumsamehe, kisha akamwomba radhi kwa mambo waliyokuwa wakiyafanya pamoja, akayataja moja baada ya jingine. Akapanda baiskeli yake na kwenda zake.

Kivengere alisimulia baadaye kwamba furaha ya yule rafiki ndiyo iliyomwangusha kuliko mahubiri yote aliyokwisha kuyasikia. Usiku huo alipiga magoti chumbani mwake akiwa hana hakika hata kama Mungu yupo, na mbele ya macho ya moyo wake akamwona Kristo msalabani, akatambua kwamba ni yeye anayependwa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alikuwapo Mwingereza mmoja ambaye Kivengere alimchukia sana, na sababu za Mwafrika wa enzi ile kumchukia mtawala wake hazikuwa chache. Alipokwisha kuokoka akasikia moyoni kwamba mtu yule sasa ni ndugu yake, na kwamba hana budi kwenda kumwambia. Akapanda baiskeli, akaendesha maili zipatazo 50 katika milima ile, akamkiri mzungu huyo chuki aliyokuwa nayo na kumwomba radhi. Hakwenda kudai aombwe radhi yeye. Alikwenda kulipa deni lake.

Katika miaka ya 1940 yeye na mkewe, Mera, walihamia Dodoma, Tanganyika, wakafundisha na kuhubiri huko kwa zaidi ya miaka kumi. Ndiko alikokikomaza Kiswahili chake, hata mwaka 1960, mhubiri Mmarekani Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki, Kivengere akawa mkalimani wake. Wazee waliomsikia walisema kwamba mtu asingejua yupi anahubiri na yupi anatafsiri.

Lakini hata mhubiri huyo mkubwa alikuwa na siku zake. Mwenyewe alipenda kusimulia siku aliyogombana na Mera kisha akajiandaa kwenda kuhubiri. Akasikia ndani yake Bwana akimwambia arudi kwanza akaombe na mkewe. Akajitetea kwamba muda umekwisha na watu wanamngoja. Jibu alilolipata moyoni ni kwamba basi na aende peke yake, Bwana atabaki jikoni na Mera. Akarudi jikoni, akaomba radhi. Watu walicheka kila aliposimulia kisa hiki, ila kila mwenye ndoa alijua kwamba hakikuwa kichekesho.

Katika miaka ya 1960 alisomea theolojia mjini Pittsburgh, Marekani, akawa mchungaji, na mwishoni mwa mwaka 1972 akawekwa kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Januari 1971, na watu walikuwa wakipotea.

Tarehe 10 Februari 1973, wanaume watatu wa eneo lake walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa michezo wa Kabale, mbele ya maelfu ya watu walioamriwa kuja kutazama. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla ya kuuawa. Aliwaendea kwa nyuma akiwa hajui atawaambia nini watu waliobakiwa na dakika chache. Walipogeuka, nyuso zao zilikuwa na nuru. Mmoja wao akamweleza kwamba Kristo aliingia moyoni mwake akiwa kifungoni, akamtuma kwa mkewe kumwambia asiwe na wasiwasi. Wenzake nao wakakiri vivyo hivyo. Askofu aliyekwenda kuwatia moyo akajikuta ndiye anayetiwa moyo. Hata kufa kwao kukawa ushuhuda kwa waliosimama pale.

Asidhani mtu kwamba Kivengere alikuwa mpole wa kunyamaza. Januari 1977 alihubiri mbele ya maofisa wa serikali juu ya thamani ya uhai wa binadamu na wajibu wa wenye madaraka. Februari 1977, baada ya askari kuivamia usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, alikuwa miongoni mwa maaskofu waliomwandikia Amin kupinga mauaji. Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, kwa hiyo alikuwa wetu pia. Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala, wakasomewa mashtaka ya uongo juu ya silaha. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, Luwum akazuiwa. Kivengere alikuwa kati ya waliobaki nje wakimngoja mpaka wakafukuzwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Ukweli ni kwamba waliuawa.

Kivengere akaonywa kwamba zamu yake imefika. Yeye na Mera walikwenda kwa gari mpaka barabara ilipokwisha, kisha wakapanda milima kwa miguu usiku kucha, wakaingia Rwanda. Askofu akawa mkimbizi kama baba zetu.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wanaomsifu na wanaomcheka husahau. Kivengere hakuvuka mpaka akiwa na msamaha mkononi. Alivuka na uchungu. Alikiri mwenyewe kwamba kule ughaibuni chuki ilianza kuota ndani yake, na kadiri ilivyokua ndivyo alivyoona uwepo wa Mungu ukififia na maneno yake yakikauka. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 alikuwa London, katika kanisa la All Souls, akitafakari jinsi Yesu alivyowaombea waliokuwa wakimpigilia misumari. Akajiuliza, kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale, je, Bwana angemruka katika sala ile? Palepale akaungama chuki yake.

Sasa naamini kwamba mtu huyu aliweza kumsamehe Amin London kwa sababu alikuwa amejizoeza kwa zaidi ya miaka 30 njia ileile, kwa Mwingereza yule, kwa Mera jikoni, na kwa ndugu zake kila juma. Hakuanza na Amin.

Amin alipoondolewa mwaka 1979, Kivengere alirudi Kigezi kuijenga nchi iliyovunjika. Mwaka 1983 aliwawekea wanawake mikono ya ukasisi wakati wengi hawakutaka hata kulisikia jambo hilo. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa ugonjwa wa saratani ya damu.

Sasa niseme kwa nini nimeandika haya. Baba yangu alikimbia Burundi mwaka 1972, nami nilizaliwa na kusomeshwa Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania. Katekista wetu kule alipenda kutusimulia habari za mwalimu wa baiskeli. Tuliporudi mwaka 2009 tulikuta shamba la baba, lenye michikichi aliyoipanda kwa mkono wake, lina watu wengine waliozeekea hapo na kuzaa hapo, nao wana karatasi zao. Wapatanishi wakaligawa katikati. Baba alikubali. Mimi nilitia sahihi kama shahidi, lakini moyo wangu haukutia.

Baadaye nikapangiwa darasa la sita, na ndani yake alikuwamo mtoto wa nyumba ile. Nafundisha Kiswahili. Akinyoosha kidole, sikumwona. Insha yake niliisahihisha kwa wino mwekundu mwingi kuliko za wenzake, na alama nilizomnyima nazijua. Na kila Jumapili nilisimama mbele ya watu nikikiri imani kwa sauti kubwa, nikisema Kristo anaishi ndani yangu.

Toka kwangu hadi mlangoni kwao ni mwendo wa dakika kumi. Kivengere alikwenda maili 50. Mimi safari yangu ilinichukua miaka miwili. Siku nilipokwenda, habari za shamba sikuzigusa. Nilimweleza yule mzee, mbele ya mwanawe, mambo niliyomtendea mtoto darasani, moja baada ya jingine, nikaomba radhi kwa wote wawili. Mzee alikaa kimya sana. Mwishowe akauliza kama mtoto bado anaweza kushinda mtihani. Nikamjibu kwamba anaweza, ila itabidi awe anakuja kwangu jioni. Mama mwenye nyumba akaniletea kigoda, nikakaa.

Mpaka wa shamba haukusogea hata hatua moja, na mambo ya ardhi yana mahali pake pa kuamuliwa kwa haki. Lakini Jumapili iliyofuata, tulipofika mahali pa kukiri imani, kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mpaka sikulazimika kuitazama sakafu.

Wenzangu tuliorudi, nanyi mliotupokea, kila mmoja wetu anaye mtu ambaye jina lake likitajwa mate hukauka. Pengine kumsamehe ni mlima mrefu mno kwa leo. Basi tuanze pale Festo alipoanzia, kwa yule ambaye sisi wenyewe tumemkosea.